Punje ya Mbaazi kwa Uso Mzima

Sijawahi kuficha kwamba Somoe sikumpenda. Nani anampenda mke mwenza? Mume wangu alimwoa msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kupandisha malori yao Newala na kugombania korosho zetu, na wanaume wa huku wakipata msimu mzuri hawanunui kitanda kipya, wanaoa. Nilisema maneno yangu yote. Nilisusa kupika, majirani wakasikia, nikawa hadithi ya foleni ya maji. Baadaye nikachoka, nikamwachia binti yule chumba cha upande wa pili wa ua, na kila asubuhi akija kuniamkia shikamoo nilimwitikia marahaba, ingawa puani.

Kwa hiyo uso wake ulipoharibika, watu hawakuhitaji kufikiri. Walinitazama mimi tu.

Ulianza kwa wekundu pembeni mwa mdomo. Kisha ngozi ikawa inabanduka vipande vyembamba kama ganda la kitunguu saumu, mashavu yakapasuka, akicheka anatokwa na maji ya ugonjwa. Na Somoe alikuwa binti mzuri, tusidanganyane, ila chunusi zilikuwa zimemsumbua na kumwachia madoa meusi. Alipoulizwa kala nini au kagusa nini alisema hajui. Akafungwa kanga usoni, akawa analia kwa ndani.

Wifi yangu, Bi Sikuzani, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja akaifunua ile kanga, akatazama, akaifunika. Akatamka mbele ya wanawake wote waliokuwa pale kwamba huu si ugonjwa wa Mungu, na kwamba katika ua huu kuna mtu aliyewahi kusema mng'ao wa binti huyu hautafika Ramadhani. Na kweli nilisema. Siku ya harusi yao, nikiwa na hasira zangu, nilisema vile vile, tena kwa sauti. Mdomo wangu mimi haujawahi kuniombea mema.

Basi ikapangwa. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya swala, atakuja fundi kutoka Tandahimba, mtu wa kufichua wachawi, akae uani kwetu na amtaje aliyefanya. Kila mtu alijua atamtaja nani. Akishanitaja, mume wangu, Baba Lukmani, atanipa talaka palepale, nami nitatoka katika nyumba niliyoikandika kwa mikono yangu na kuiacha mikorosho niliyoipanda nikiwa na Lukmani mgongoni. Talaka peke yake ningeibeba, si mimi wa kwanza. Lakini mwanamke aliyeachwa kwa uchawi hana pa kwenda. Kaka yangu wa Kitangari asingenipokea, ana watoto wadogo. Na Lukmani mwanangu, aliyekuwa Mtwara akitafuta maisha, nani angempa binti yake, mtoto wa mchawi? Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa.

Siku moja naoga, nikaona kitu kimechomekwa kwenye nyasi za ukuta wa bafu. Nikakivuta. Kilikuwa kichupa laini cha kukamua, kama cha dawa ya meno lakini kidogo, kimekamuliwa hadi kikakunjwa. Maandishi yote ya kigeni. Nikanusa. Haikuwa dawa ya meno.

Moyo wangu uliruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilijua nimempata. Baba Lukmani alikuwa na kiapo chake: binti wa dada yake mwingine alikwenda Dar es Salaam akajipaka mkorogo, akarudi mashavu mekundu, masikio meusi, na jua likimpiga analia. Yule binti alipoletwa nyumbani, mume wangu alisimama barazani mbele ya wazee akaapa kwamba mke wake yeyote atakayejichubua uso, siku hiyo hiyo anakwenda kwao. Waliosikia ni wengi. Kwa hiyo nilichokuwa nimeshika pale bafuni kilikuwa talaka ya Somoe.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni mwa mume wangu na kile kichupa mkononi ndipo akili ikanirudia. Mke mkubwa anakuja na dawa mkononi, anasema si yake, ni ya mdogo. Nani ataamini? Bi Sikuzani angenyanyuka kushukuru Mungu kwamba ushahidi umejileta wenyewe. Nikageuka, nikakifunga kwenye pindo la kanga. Kesho yake nikaaga kwamba nakwenda Masasi kumwona shangazi mgonjwa, nikateremka.

Masasi, karibu na stendi, kulikuwa na duka la dawa la Sista Dorothy. Huyu ni mtu wa familia ya Kianglikana ya zamani pale, alikuwa nesi wa misheni miaka mingi, na ndiye aliyenizalisha Lukmani. Serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua maduka ya dawa, naye alikuwa amestaafu, akafungua lake. Nilimpa shikamoo, nikaweka kichupa mezani, nikamwomba anisomee bila kuniuliza ni cha nani. Akavaa miwani. Akakigeuza geuza, akacheka kidogo, akasema mkorogo sio.

Mkorogo, alinieleza, unaua rangi ya ngozi. Hii haiui rangi. Hii ni ndugu wa vitamini A, na kazi yake ni kuihimiza ngozi: ya juu iliyochakaa ianguke upesi, mpya ya chini ipande. Madaktari huwapa wenye chunusi sugu na wenye madoa yaliyobaki baada ya chunusi. Wazungu wazee huipaka kwa ajili ya makunyanzi. Hata yeye anayo moja nyumbani, akasema, na nilipomtazama vizuri niliona kweli, kwa mama mwenye wajukuu, uso ule ulikuwa umetulia.

Nikasema kama ni vitamini basi haina neno, si ndiyo hiyo ya mapapai na mchicha tunayoambiwa kliniki? Akaniuliza kama chumvi ni chakula. Nikasema ni chakula. Akasema, haya, kula kikombe.

Kisha akaingia nyuma ya duka alikokuwa akipika, akarudi na punje moja ya mbaazi, akaiweka kwenye kiganja changu. "Hii hapa," alisema. "Kwa uso mzima. Si kwa shavu moja, kwa uso mzima."

Tena si kila siku, akaendelea. Mtu anaanza mara mbili kwa wiki, jioni, uso ukiwa umeoshwa na kukauka kabisa, halafu juu yake mafuta ya kawaida yasiyo na manukato. Asubuhi anaosha, na jua lote la siku hiyo ni adui yake: ajifunike, akae kivulini, kwa sababu ngozi mpya ni laini na jua inalisikia mara mbili. Uso utabanduka kidogo wiki za mwanzo, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Wanaona unabanduka, wanadhani waongeze. Hapana, unapobanduka ndipo unapunguza, na ukiwasha unaacha hadi upoe. Asisugue, asipake ndimu. Na asitegemee kuona kitu mwezi wa kwanza, hii ni dawa ya mtu mwenye subira.

Nikamwambia juu ya Somoe bila kumtaja jina. Kwamba mtu huyu anaonekana amemaliza kichupa kizima upesi, na kwamba kutwa nzima yuko juani akikaanga korosho. Sista Dorothy alivua miwani. Alijua korosho, nani hapa hazijui: moshi wa maganda yale peke yake unavimbisha uso wa mtu mwenye ngozi nzima, sembuse uso uliokwisha kuvuliwa ngozi ya juu. Akaniuliza swali moja tu. "Ana mimba?"

Nikataka kusema sijui. Lakini nilikuwa nimemwona Somoe akitema mate kutwa, na akikimbilia nyuma ya nyumba nikitia kitunguu kwenye mafuta.

Alisema basi aache leo, asingoje kesho. Dawa za ukoo huu zikimezwa na mjamzito zimeharibu watoto. Ya kupaka, alisema, inayoingia ndani ni kidogo, na inawezekana sana mtoto hajapata lolote, lakini hakuna sababu ya kujaribu bahati kwa tumbo la mtu. Na huyu anapaka nyingi, juu ya ngozi iliyopasuka. "Mwambie aache," akarudia. "Wewe si jirani yake? Mwambie."

Nilirudi nikipanda mlima huku nafikiri. Shetani naye alikuja akakaa kando yangu. Akaniambia nyamaza, si umesema humpendi. Lakini hata shetani hakuweza kunijibu jambo moja: mtoto akizaliwa na dosari, atakayeambiwa kamla ni nani? Uchawi wa uso ungekuwa mchezo mbele ya huo. Na zaidi ya hilo, sitaki kujifanya mtakatifu, lakini kitoto ambacho hakijazaliwa hakikuniudhi kitu.

Nilimkuta Somoe pale pale pa kukaangia, nyuma ya jiko, kanga usoni, moshi mweusi wa maganda unampitia. Alikuwa ameacha kuniamkia tangu wifi aseme maneno yake. Nikamwekea kichupa mapajani. Alitaka kukimbia, nikamshika mkono nikamkalisha, nikamweleza yote: mbaazi, jioni, jua, mimba. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaniambia ya kwake, na hapo ndipo nilipojua ukubwa wa tatizo.

Dawa alipewa na Kulwa, binamu yake anayeleta mitumba kutoka Kariakoo. Kulwa alimwambia ni vitamini, inaleta ngozi mpya, basi, hajui zaidi. Somoe akaipaka tunavyopaka mafuta ya nazi wote huku: kiganja kizima, asubuhi na jioni, hadi shingoni. Uso ulipoanza kubanduka alifurahi. Kwa nini asifurahi? Sisi tunaobangua korosho tunajua tangu utotoni: mafuta ya ganda yakikurukia mkononi, ngozi inaungua, inabanduka, na chini yake inatoka nyingine laini kama ya mtoto. Akajua ndiyo hiyo inakuja. Akaongeza. Na ulipoanza kuuma na kutoa maji, haikumpitia akilini hata kidogo kwamba ni dawa. Alijua ni mimi. Alidhani mimi namharibu na dawa inapigana nami, kwa hiyo akawa anaongeza zaidi, kuisaidia.

"Sasa unataka niiache," alisema, "ili kazi yako imalizike vizuri."

Loo. Nilitaka kumzaba kofi, ila sikuona pa kupiga, uso wote ulikuwa kidonda. Mimi niliyekwenda Masasi kwa ajili yake. Nilisimama, nikazunguka, nikarudi. Kumwambia zaidi ilikuwa bure, kila neno langu kwake lilikuwa uchawi. Nikamuuliza kama anacho kichupa kingine. Akakubali kwamba anacho, kimetumika nusu.

"Nipe," nikamwambia. "Nitapaka mimi. Kiganja kizima, asubuhi na jioni, na nitakaa hapa hapa unapokaa, kwenye jua hili na moshi huu. Uso wangu ukibaki mzima, Ijumaa simama mbele ya fundi useme ni mimi, na sitabisha. Ukiwa kama wako, unaacha."

Nadhani alitafuta mtego ndani ya maneno yangu akaukosa. Akaenda akakileta. Na mimi nilikuwa na hesabu yangu nyingine ambayo sikumwambia: kikiwa kwangu, yeye hana cha kupaka.

Niseme jambo kuhusu uso wangu. Sikuzaliwa na mengi, lakini ngozi nilizaliwa nayo. Hata Bi Sikuzani, ambaye hajawahi kunisifia chakula, aliwahi kusema kwamba Mama Lukmani ngozi yake haizeeki. Nilipoweka ile dawa kiganjani asubuhi ya kwanza mkono ulisita. Nikajipaka. Nikaenda nikakaa mbele ya bati la kukaangia na jua la mwezi wa kumi juu ya kichwa.

Siku ya kwanza, kimya. Nikapata hofu nyingine sasa, hofu ya kwamba uso wangu mgumu utabaki mzima na nitakuwa nimejifunga kwa maneno yangu mwenyewe. Lakini haukuchelewa. Ulianza kuwaka pembeni mwa pua. Kisha kope zikavimba kwa moshi. Nilipoosha uso, na maji ya kuosha huku kwetu ni haba, nilihisi kama nimejipangusa kwa pilipili. Midomo ikapasuka, nikaanza kubanduka. Kabla wiki haijaisha mashavu yangu yalikuwa yanatoa maji palepale yanapotoa ya Somoe, na kwenye kioo nilikuwa simwoni mtu ninayemjua. Nililia. Chozi nalo likawa linachoma.

Na watu je? Watu walifurahi. Nilikuwa nimefikiria yote isipokuwa hili, mimi mjuaji. Bi Sikuzani alikuja, akanitazama, akapiga makofi taratibu, akaenda kuwaita wengine. Umemrudia, walisema. Uchawi umemkosa mwenye kinga umemrudia mwenyewe. Walikuja hadi wa mitaa ya mbali, wakijifanya wanaomba moto au chumvi, wachungulie. Baba Lukmani aliacha kula chakula changu. Alikuwa anapita uani akitazama upande mwingine, na ikawa hakuna tena haja ya fundi. Fundi alikuwa anakuja kuhalalisha tu.

Mtu mmoja tu katika Newala nzima alijua uso wangu una nini. Somoe hakuwa amepaka tangu siku ile aliponipa dawa, alikuwa anakaa ndani, na nilimtengea mafuta ya nazi kidogo ya kupaka. Uso wake ulianza kukauka wangu ulipokuwa unaiva. Asubuhi moja alikuja mlangoni kwangu, akanitazama shavu hili na hili, akapiga goti. Akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, na safari hii haikupita puani.

Lakini kuhusu Ijumaa hakusema neno. Alhamisi nilimuuliza. Tulikuwa tunachambua mchele, yeye huku mimi kule, na nilimuuliza bila kuzunguka kama kesho atasema.

"Nikisema naachwa," alijibu. "Nina mimba, na mama yangu alishakufa. Nitakwenda wapi?"

"Na usiposema naachwa mimi."

Akaendelea kuchambua. Sikumlaumu, na sikumsamehe pia. Ningeweza kumtisha, ningeweza kumwambia kichupa kiko kwangu, lakini nilikwisha kujua kwamba mkononi mwangu kile kichupa hakina maana yoyote isipokuwa ile mbaya. Ni mdomo wake tu uliokuwa na kazi. Na mdomo wa mtu huwezi kuuvuta kwa kamba.

Ijumaa walikuja. Mikeka ilitandikwa uani, wazee wakakaa, wanawake wakasimama kando ya ukuta. Fundi wa Tandahimba alikuwa mtu mnene mwenye mkoba wa ngozi, akaufungua, akatoa vitu vyake akavipanga. Kisha akainua macho akaniona. Alinitazama kidogo tu, akaanza kuvirudisha mkobani kimoja kimoja. Akawaambia wazee kwamba wamemsumbua bure, kazi imekwisha yenyewe, mchawi ameungua kwa moto wake na kila mwenye macho anaona. Wanawake wakaguna. Bi Sikuzani akatazama mbinguni, anashukuru.

Baba Lukmani akasimama. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Akaanza, "Mama Lukmani, mbele ya watu hawa..."

Nikamtazama Somoe. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mkeka. Nikasema moyoni, haya, basi, ndiyo mwisho. Nikaanza hata kufikiri nitabeba nini.

"Subiri kwanza," Somoe akasema.

Aliongea chini sana hivi kwamba wazee wa mbele ndio waliosikia. Akanyanyuka, akavuka ua, akaja hadi niliposimama, akanyoosha mkono. Nikafungua pindo la kanga nikampa kichupa. Akaigeukia mikeka akiwa amekishika juu, akaondoa na ile kanga usoni ili wote waone.

"Hii ni yangu," alisema. "Nimeletewa na Kulwa. Nilipaka mwenyewe, asubuhi na jioni, nikaungua. Mama Lukmani alinikataza nikamwita mchawi. Akapaka na yeye, makusudi, ili nione. Nimeona."

Halafu Bi Sikuzani, maana huyu hajawahi kushindwa na mtu, akasema basi kiapo. Kaka yake aliapa, wazee hawa hawa walisikia, mke atakayejichubua aende kwao. Nikaona Somoe anashika tumbo. Nikaona mume wangu anawatazama wazee, maana kiapo cha mwanaume barazani kikivunjwa kinavunjika naye.

Hapo hasira zangu zote za miezi ile zilipanda, na nikazishukuru. Niliwaambia kwamba kiapo kilikuwa juu ya mkorogo na hii si mkorogo, Masasi hapo bondeni yupo wa kuwaeleza, mwenye shaka ateremke akamuulize. Ni dawa, imepakwa kijinga, na ujinga ukiwa sababu ya talaka hakuna atakayebaki na mke. Na kama mnatafuta kutimiza kiapo tu, nikasema, waliopaka ni wawili, mnatuona tulivyofanana. Atoe talaka mbili. Na yule aliye tumboni mwa Somoe, kwa kuwa naye ameipata kwa mama yake, apewe ya tatu.

Mzee mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Neno la mimba lilikuwa limeanguka pale kati, na Baba Lukmani hakuwa analijua. Akaketi kama aliyekatwa miguu. Fundi alikwisha kufunga mkoba, anatafuta viatu vyake. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, bila kuaga vizuri, na Bi Sikuzani alitoka nao.

Tulipobaki watatu Baba Lukmani aliniambia basi, yaishe. Kwamba shetani alituingilia. Kwamba niingie ndani nipumzike, kesho atanitafutia dawa ya uso. Aliyasema kwa upole, na yeye ni mtu mpole, ndiyo maana niliolewa naye.

Nilikuwa nimeshinda. Nyumba ilikuwa yangu, jina langu lilikuwa safi. Nikasimama pale nikingoja furaha ije, ikaja hasira.

"Ulimuuliza dada yako," nikamwambia. "Uliwauliza majirani. Ulituma mtu hadi Tandahimba na jogoo mkononi kumuuliza mgeni. Mimi na wewe tumezaa, tumezika wazazi wako na wangu, tunalala ukuta mmoja. Hukuniuliza. Hata siku moja hukuja ukaniuliza, Mama Lukmani, ni wewe?"

Akavua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Haya," alisema taratibu. "Nakuuliza. Ni wewe?"

Wiki zile zote nilikuwa nimeliandaa jibu. Nilidhani siku akiniuliza nitapiga kelele wanisikie Masasi. Lakini uso ulikuwa unaniuma na sikutaka kufungua mdomo. Nikamshika Somoe mkono, tukaingia chumbani kwangu, nikasukuma mlango.

Nyuso zetu zilipona, wangu ukichelewa. Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, ananiita mama mkubwa na ananisumbua kutwa. Baba yake amewahi kuniuliza tena, mara kadhaa, tukiwa wawili, kwa sauti ya chini. Mpaka leo sijamjibu.